Barabara ya Embu na Meru: Asiye na kipande atibiwe na nani?

Ukitoka Nairobi asubuhi na kupitia Thika, utafika Embu kabla ya jua la utosi. Mji huo umekaa kwenye mteremko wa Mlima Kenya, na ubaridi wake utakukumbusha sweta uliyoiacha nyumbani. Kutoka hapo barabara inapanda na kushuka: Runyenjes, Chuka, kisha daraja la Nithi na kona zake zinazoogopwa na madereva. Migomba na kahawa vinakusindikiza njia nzima. Ukishapita Nkubu unavuka ikweta, na punde si punde umefika Meru, mjini penye soko kubwa la Gakoromone.

Lakini, msomaji, barabara hii si ya watalii na mikungu ya ndizi peke yake. Ukiendelea mbele utaingia Isiolo, kisha Marsabit, hadi Moyale mpakani na Ethiopia. Kwa miaka mingi Wahabeshi wasio na hati wamepita sehemu hizi wakielekea Nairobi, wengine wakinuia Afrika Kusini, na polisi wamewanasa mara kwa mara. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 haina mzaha: anayepatikana nchini bila idhini anaweza kutozwa faini hadi shilingi 500,000, au kufungwa hadi miaka 3, au yote mawili.

Sasa jiulize: mmoja wao akishikwa na uchungu wa kuzaa njiani, je, apokewe hospitalini Embu au Meru?

Katiba ya 2010 inajibu. Kifungu cha 43 kinampa "kila mtu" haki ya afya, wala hakisemi "kila raia". Tena hakuna anayeruhusiwa kunyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima.

Dirishani mambo ni mengine. Tangu Oktoba 2024, bima ya afya ya SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, kujiandikisha huanza na kitambulisho. Shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii kwa wazee ni za raia waliotimiza miaka 70, na bila kipande hupati kitu.

Wapo wanaosema hivyo ndivyo inavyopasa. Dawa hazitoshi, wodi zimejaa, na mlipa kodi amechoka. Mgeni siku mbili, wasema, ya tatu mpe jembe. Hoja hiyo ina uzito, wala si ya Kenya tu. Mwaka 1994 wapiga kura wa California, Marekani, walipitisha sheria ya kuwanyima wahamiaji wasio na hati shule na matibabu yasiyo ya dharura. Mahakama ziliizuia. Tayari mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikuwa imeamua, katika kesi ya Texas, kwamba watoto hao wasifungiwe shule.

Lakini tukumbuke mawili. Kwanza, kifua kikuu hakiulizi pasipoti. Mgonjwa anayejificha kwa kuogopa kukamatwa hupanda matatu ile ile unayopanda wewe na wanao. Pili, mlango unaofungiwa mgeni humbana na mwenyeji. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge enzi za ukoloni, waliishi bila vitambulisho hadi 2016, ingawa watoto na wajukuu wao walizaliwa papa hapa. Hata Meru na Embu, bibi aliyezaliwa shambani bila cheti anaweza kuhangaika vivyo hivyo.

Serikali ina haki ya kulinda mpaka, na kazi hiyo ni ya afisa wa uhamiaji. Muuguzi tumwachie yake. Basi safari ijayo, gari likisimamishwa kwenye kizuizi na abiria wakaanza kupapasa mifuko, angalia kipande chako, kisha uwaulize wanao: kama kingepotea leo, ungekuwa mtu gani kesho hospitalini?