Kidonda cha mguu kisichopona

Unga wa penisilini unauzwa kila kona ya soko, na wengi wetu tumelelewa hivyo: kidonda kikitokea, kimwagie unga, kianike juani kikauke. Kikikataa, watu wanaanza kunong'ona kwamba mgonjwa ametupiwa.

Katika likelemba yetu dada mmoja, muuza makala, alificha kidonda chini ya kikwembe miaka miwili. Sisi walimu tulijua siku watoto wake waliporudishwa nyumbani juu ya minervali: pesa yote ilikwisha kwa unga na kwa waganga wa kienyeji. Tukamsindikiza hospitali.

Munganga alianza na mishipa. Mtu akisimama kutwa nzima, damu inapaswa kupanda kurudi moyoni. Mishipa ikilegea, inabaki chini. Mguu unavimba, na ngozi ya karibu na kifundo inachoka mpaka inapasuka. Unga ungefanya nini hapo?

Dawa kubwa ni bandeji ya kukaza, kutoka penye vidole mpaka chini ya goti, kwa nguvu zaidi kwenye kifundo. Lakini tusifungane wenyewe nyumbani! Muuguzi apime kwanza kama damu inashuka vizuri mguuni, na sukari pia. Mguu wenye damu kidogo ukikazwa unaweza kuoza. Kidonda kinaoshwa kwa maji safi na kufunikwa, kisikauke. Ukikaa, inua mguu. Baada ya majuma tisa, kile cha dada yetu, kilichokuwa kama kiganja, kinafunikwa na kidole gumba.

Huko Uingereza, mwaka 2018, waganga walionyesha kwamba kuuziba mapema mshipa uliolegea, pamoja na bandeji, kuliponya nusu ya wagonjwa kwa siku 56. Kwa waliongojeshwa ilikuwa siku 82. Hata hizo 82, wamama, ni kazi ya bandeji karibu peke yake. Na kwa miaka miwili ya unga tungepata siku ngapi?

Kidonda cha Buruli, kinachojulikana sana Kongo-Central, ni kingine. Kinaanza kama kivimbe kisichouma, mara nyingi kwa mtoto. Zamani kilidai kisu, baadaye sindano za kila siku; sasa ni vidonge vya rifampisini na klaritromisini kwa majuma 8. Kwa kuwa hakiumi, mtoto hatalia. Mama ndiye atakayekigusa wakati wa kumwogesha, na apeleke mtoto kituo cha afya kabla hakijapasuka.