Lenzi za Ndani ya Nyumba: Kumbukumbu za Mpigapicha wa Harusi za Wanawake Unguja

Upigaji picha wa harusi katika Mji Mkongwe wa Unguja una sharti ambalo halimo katika vitabu vingi vya kufundishia kamera, nalo ni kwamba sehemu kubwa ya sherehe hufanyika baina ya wanawake peke yao, ndani ya nyumba na aghalabu usiku, ambapo bibi harusi hukaa wazi pamoja na wageni waliokwishavua mabuibui yao, kwa kuwa hakuna mwanamume anayeingia. Katika zama za filamu sharti hilo lilikuwa gumu kutimizwa kikamilifu, kwani hata mpigapicha alipokuwa mwanamke, mkanda wake wa picha 36 ulilazimika kupelekwa studio kusafishwa, na studio hizo, ambazo historia yake kisiwani ni ndefu (Capital Art Studio ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930), ziliendeshwa zaidi na wanaume. Kamera ya dijitali ililimaliza tatizo hilo, maana picha hukaa ndani ya kadi, na kadi hiyo mpigapicha anaweza kuitoa kwenye kamera na kumkabidhi mama wa bibi harusi papo hapo, pasipo jicho la mtu mwingine kuziona. Mwandishi wa tawasifu hii aliingia katika kazi kwa mlango huo, na maamuzi yake yote kuhusu kamera na lenzi yalitokana na vyumba vile ambamo wanaume hawaingii.

Kamera yake ya kwanza ilikuwa Canon EOS 350D, iliyotoka mwaka 2005, ambayo aliinunua ikiwa imetumika kutoka kwa mfanyabiashara aliyekuwa akileta bidhaa kutoka Dubai. Ni kamera ya aina ya DSLR, yaani kamera ya dijitali yenye kioo kilicholazwa mshazari nyuma ya lenzi, kinachorudisha mwanga juu hadi kwenye tundu la kutazamia, hivi kwamba mpigapicha huona kile kile kinachoonwa na lenzi. Kitufe kinapobonyezwa, kioo huinuka, pazia dogo liitwalo shata hufunguka, na mwanga huangukia kihisi, ambacho ndicho kilichochukua nafasi ya filamu. Misingi ya mwanga alifunzwa na fundi mmoja mzee wa studio, aliyemwita “mwanangu” naye akamwita “babu”, na ambaye, ingawa maisha yake yote alikuwa mtu wa filamu, alitambua mara moja kwamba mambo matatu hayajabadilika: upana wa tundu la lenzi, muda ambao shata hukaa wazi, na wepesi wa kihisi kupokea mwanga, ambao hupimwa kwa namba za ISO. Ukiongeza kimoja, punguza kingine. Mzee huyo hakumruhusu mwanafunzi wake kuitumia kamera kwa mpango wa otomatiki hadi alipoweza kukisia vipimo vyote vitatu kwa kuutazama ukuta tu.

Somo lililochukua muda mrefu zaidi lilikuwa la rangi za nguo na za ngozi. Kipimamwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kilicho mbele yake, bali hudhani kwamba kila kitu kina wangavu wa kijivu cha wastani, kwa hiyo kikikuta mabuibui meusi yamejaa kwenye picha huongeza mwanga mpaka nguo zikawa za kijivu na nyuso zikapauka, na kikikuta gauni jeupe huupunguza mpaka uso wa bibi harusi, hasa mwenye ngozi ya maji ya kunde au nyeusi, ukapotea gizani. Dawa yake ni kumwamuru mpimaji huyo kwa kitufe cha kuongeza na kupunguza, hatua moja juu kwa gauni jeupe na hatua moja chini kwa mabuibui, ambapo kila hatua ni maradufu au nusu ya mwanga; au, na hii ndiyo njia aliyoipendelea mwandishi, kusogea karibu, kupima mwanga wa shavu peke yake, kisha kurudi nyuma na kupiga kwa vipimo hivyo hivyo bila kujali kamera inasema nini. Uso wa mtu ndio unaotafutwa katika albamu miaka ishirini baadaye, na gauni, hata likiwa la thamani namna gani, halina haki ya kuamua uso huo uonekane vipi.

Kuhusu lenzi, kamera hiyo ilikuja na lenzi ya kawaida ya wanaoanza, zumu ya milimita 18 hadi 55, ambayo tundu lake hufunguka hadi f/3.5 upande wa mapana na f/5.6 upande wa kuvuta. Milimita hizo ni urefu wa fokasi, ambao huamua lenzi inaona upana kiasi gani, na namba ya f ni urefu huo ukigawanywa kwa kipenyo cha tundu, ndiyo maana namba ndogo humaanisha tundu kubwa. Ushauri aliousikia kila mahali ulikuwa kwamba lenzi ya pili iwe ile ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo Canon waliitoa kwa umbo la bei nafuu mwaka 1990, nyepesi, ya plastiki mpaka kwenye shingo, na inayoingiza mwanga unaokaribia mara kumi ya ule wa zumu iliyovutwa mpaka mwisho. Ushauri huo ni mzuri kwa mahali pengine. Vyumba vya nyumba za kale za Mji Mkongwe vimeezekwa kwa boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, upana wa chumba hauzidi sana mita 3. Kihisi cha 350D, chenye upana wa milimita 22.2, ni kidogo kuliko fremu ya filamu, kwa hiyo lenzi ya milimita 50 ikiwa umbali wa mita 3 huona kimo cha mita 1.3 tu hata kamera ikisimamishwa wima. Bibi harusi aliyesimama hawezi kuenea humo, atakatwa magotini. Lenzi ya milimita 35, kwa umbali huo huo, huona kimo cha mita 1.9, na mtu mzima huenea toka kilembani hadi viatuni.

Hivyo mwandishi alinunua lenzi ya milimita 35 yenye tundu la f/2, ghali kuliko ile ya 50, na hiyo ndiyo iliyomlea katika kazi. Ilikuwa na sifa nyingine ambayo hakuitarajia kuwa na umuhimu kiasi kile: huweza kuona kwa ukali kitu kilicho sentimita 25 kutoka kwenye kihisi, wakati ile ya 50 huishia sentimita 45, na katika harusi ya Unguja hina na piko ni nusu ya habari, maana mchoraji hufanya kazi kwa saa nyingi, kuanzia vidoleni hadi viwikoni na kutoka nyayoni kupanda juu, akiutenganisha wekundu wa hina na weusi wa piko kwa mistari myembamba ambayo picha ya mbali huigeuza kuwa doa.

Thamani ya tundu kubwa ilidhihirika Unguja ilipokosa umeme kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya hitilafu katika njia ya waya unaopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara. Harusi hazikusimama. Waliokuwa na jenereta waliziwasha, na wengine walisherehekea kwa karabai, na mpigapicha mwenye kamera ambayo ISO yake huishia 1600 hakuwa na pa kukimbilia isipokuwa kwenye lenzi: pale ambapo zumu ingedai shata ikae wazi sehemu ya kumi ya sekunde, ambayo hugeuza mikono inayopiga makofi kuwa ukungu, tundu la f/2 liliridhika na sehemu ya hamsini. Flashi ilikuwapo, lakini ikielekezwa moja kwa moja huufuta mwanga wa taa na kuibandika dhahabu shingoni kama karatasi, na dari za boriti nyeusi hazirudishi mwanga; ilimfaa pale tu alipoigeuzia kwenye ukuta wenye chokaa.

Zumu ndefu, zile za milimita 75 hadi 300 ambazo wanaoanza wengi huziona kuwa ndiyo kamera yenyewe, mwandishi hakuzihitaji, na haoni sababu ya mwanafunzi kuitanguliza lenzi hiyo isipokuwa kama riziki yake iko uwanjani au mbugani, kwani kwa milimita 300 shata inatakiwa ikimbie kiasi cha 1/500 ili mtikisiko wa mkono usionekane.

Adui mkubwa wa lenzi pwani ni unyevu, ambao huotesha ukungu mwembamba wenye matawi ndani ya vioo, na lenzi inayokaa mfukoni msimu mzima wa masika huharibika zaidi kuliko ile inayofanya kazi kila wiki. Kwa hiyo binti anayetaka kuianza kazi hii kwa lenzi iliyotumika, na hakuna aibu yoyote katika kununua iliyotumika, asiridhike na kioo cha mbele kilichopanguswa: aombe tochi, aimulike lenzi kutoka nyuma huku tundu likiwa wazi, aangalie kama kuna nyuzi za ukungu, kisha aifunge kwenye kamera yake mwenyewe, apige sura ya mtu aliye umbali wa mita 2 kwa tundu kubwa kabisa, na aikuze picha hiyo kwenye skrini mpaka aone kope. Kope zisipoonekana, asitoe pesa.