Anaishi Kangeta, lakini mfumo haumjui

Nilikuwa nimeahidi kuendelea na mada ya kuhifadhi nakala za data, lakini itabidi isubiri kidogo. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikimsaidia shemeji yangu kutafuta karatasi za ukaazi, na katika kupanda na kushuka ngazi za ofisi nimejifunza mambo ya hifadhidata ambayo sikuyaona katika kitabu chochote. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya mgeni anayeishi mahali, na karatasi inayosema kwamba anaishi mahali hapo.

Nianze mbali, halafu nitarudi nyumbani.

Nchini Thailand kila nyumba ina kitabu chake. Wanakiita tabien baan, yaani daftari la nyumba. Si hati ya kumiliki nyumba. Ni orodha ya watu waliosajiliwa kuishi humo. Kitabu cha buluu ni cha Wathai pamoja na wageni waliopewa ukaazi wa kudumu. Cha njano ni cha wageni wengine. Mgeni akishaandikwa katika kitabu cha njano hupata namba ya tarakimu 13, na anaweza kuomba kadi ya rangi ya waridi yenye namba hiyo. Ili aandikwe huenda ofisi ya wilaya akiwa na pasipoti iliyotafsiriwa kwa Kithai, na mwenye nyumba naye ahusike, pamoja na mashahidi. Wageni hulalamika sana juu ya safari hizo. Lakini ukiutazama mpango wenyewe kwa jicho la mtengenezaji wa programu, unaeleweka mara moja: kuna jedwali la nyumba, kuna jedwali la watu, na kuna mstari unaosema fulani anaishi katika nyumba fulani.

Sasa njoo Kangeta, kwenye barabara ya kutoka Meru kwenda Maua. Hapa kwetu Kenya hatuna kitabu cha nyumba. Tuna kitambulisho. Kadi za kizazi cha pili, zile zilizoanza kutolewa miaka ya 1990, nyuma yake zina wilaya, tarafa, lokesheni na lokesheni ndogo. Hiyo inakwambia kwenu ni wapi. Haikwambii unalala wapi. Kijana wa Kangeta anaweza kukaa Kayole miaka ishirini, afunge ndoa huko, azae huko, na kadi bado itasema yeye ni wa Igembe. Tumezoea hivyo, hatushangai.

Kwa mgeni mambo ni tofauti. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inamtaka mgeni anayekaa Kenya kihalali kwa zaidi ya miezi 3 ajisajili. Akimaliza hupewa kadi ambayo wengi wetu tunaiita kitambulisho cha mgeni. Kadi hiyo hutegemea pasi au kibali alichonacho, na ina tarehe ya kuisha. Na si hiyo tu: kama alikuja kwa sababu ya ndoa, pasi yake ni ya mtegemezi. Neno lenyewe linajieleza. Kuwapo kwake nchini kunategemea mtu mwingine.

Shemeji yangu anatoka Muheza, mkoa wa Tanga. Kaka yangu alikuwa dereva wa lori upande wa pwani, wakakutana huko, akamleta nyumbani, na ndoa ikafanywa kwa mila za Kimeru mwaka 2018. Kwao miraa ni haramu kisheria. Hapa miraa ndiyo karo ya shule. Alizoea upesi. Kitu kimoja tu hakijabadilika, nacho ni Kiswahili chake. Akifungua mdomo sokoni kila mtu anajua si wa hapa, na akimwamkia mzee "shikamoo," mzee anacheka kwa furaha kwa sababu wajukuu wake hawamwamkii hivyo.

Miaka ya mwanzo aliishi kwa njia ambayo Waafrika Mashariki wengi wanaijua. Raia wa nchi za Jumuiya huruhusiwa kukaa hadi miezi 6 kama mgeni, kwa hiyo alikuwa akienda kuwaona wazazi wake kupitia Lunga Lunga na Horohoro, kisha akarudi. Watoto walipoanza shule safari hizo zikawa ngumu. Angalia sasa nyumba hiyo moja: baba ana kitambulisho, watoto wawili wana vyeti vya kuzaliwa na ni Wakenya kwa sababu baba yao ni Mkenya, na mama anayewapikia wote hana namba yoyote ya Kenya.

Zamani mtu angeweza kusema haidhuru. Siku hizi inadhuru. Laini ya simu inataka kitambulisho. M-Pesa inataka kitambulisho. Tangu Oktoba 2024, bima ya SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, mchango wa mtu asiye na mshahara hukadiriwa kwa kaya: asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, na si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kaya, yaani nyumba na watu wake. Bila kusema hivyo, serikali imeanza kuuliza swali lile lile la kitabu cha Thailand: nyumba hii ina nani na nani?

Basi tukaanza. Ili apate kadi alihitaji pasi ya mtegemezi. Ili apate pasi alihitaji kuonyesha ndoa. Ndoa ilikuwa ya kimila, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa za kimila nazo zisajiliwe. Kanuni zake zilianza kutumika Agosti 2017. Ili msajili aiandike ndoa tulihitaji barua ya chifu. Maombi ya pasi unaweza kuyajaza mtandaoni, na mimi niliyajaza nikiwa mezani kwangu, lakini alama za vidole hazipiti katika waya, na makao makuu ya uhamiaji ni Nyayo House, Nairobi, zaidi ya kilomita 250 kutoka hapa.

Nataka tusimame kidogo kwa chifu, kwa sababu hapo ndipo penye somo.

Shemeji alikuwa ameuliza mapema, "Mjumbe wa hapa ni nani?" Kwao Tanzania balozi wa nyumba kumi amekuwapo tangu miaka ya 1960, na ukitaka lolote unaanza kwake, kisha unakwenda kwa mtendaji akuandikie barua. Sisi Kenya tuliazima jina la Nyumba Kumi mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate, lakini kwetu ni jambo la usalama zaidi kuliko la barua. Nikamwambia hapa tunaanza kwa mzee wa kijiji.

Mzee wa kijiji hakuomba namba wala nakala. Aliuliza nyumba ni ipi. Alipoambiwa ni ile ya mabati ya kijani, juu ya kituo cha kununulia majani chai, akasema, "Aa, ni yule mama wa shikamoo." Akauliza majirani wawili kwa kutimiza wajibu. Wakasema ndiyo, anaishi hapa, mazishi ya nyanya yao alipika yeye. Chifu akaandika barua, akapiga muhuri. Kazi yote haikufika siku mbili.

Yaani Kangeta tunacho kitabu cha nyumba. Kimo vichwani mwa watu. Na barua ya chifu ni nakala iliyochapwa kutoka kitabu hicho. Kila karatasi iliyofuata, cheti cha ndoa, pasi, kadi, ilisimama juu ya ushahidi wa majirani wawili.

Tukapata kadi. Nilidhani tumemaliza. Wiki iliyofuata shemeji akaenda kujiunga na chama kimoja cha akiba na mikopo. Alikuwa na pesa za kuku na mboga alizozikusanya muda mrefu, zikikaa katika simu ya mumewe. Karani akaingiza namba ya kadi. Programu ikakataa. Sehemu ya kitambulisho ilikubali tarakimu 7 au 8 tu, na sehemu ya uraia haikuwa na chaguo lolote ila Mkenya. Karani, binti mwenye nia njema kabisa, akatoa suluhisho ambalo inaonekana hutumika mara nyingi: "Tuweke namba ya mzee wako, mama, halafu jina lako."

Shemeji akakataa. Akasema, "Pesa ni zangu, namba iwe yangu."

Fikiria kama angekubali. Katika hifadhidata ile akiba yake ingekuwa mali ya namba ya mumewe. Mume akikopa, dhamana ni kuku za mke. Mume akifa, Mungu apishe mbali, ndugu wa mume watafungua faili na kukuta jina moja na namba ya mwingine, na katika kesi za namna hiyo namba hushinda jina. Haya yote kwa sababu mtu fulani alipoandika kanuni ya kukagua tarakimu hakumfikiria mama wa Muheza.

Kwa hiyo niliwaandikia watengenezaji wa programu hiyo. Nawapa na ninyi niliyowaandikia, kwani wengi wenu mnatengeneza mifumo ya vyama, shule na zahanati.

Kwanza, usitumie namba ya kitambulisho kama ufunguo mkuu wa jedwali la watu. Mpe kila mtu namba ya ndani, kisha weka vitambulisho katika jedwali lake: aina ya hati, nchi iliyoitoa, namba, tarehe ya kutolewa, tarehe ya kuisha. Mtu mmoja anaweza kuwa na hati tatu, na mgeni akipata uraia hati hubadilika wakati yeye ni yule yule.

Pili, namba ya hati ihifadhiwe kama maandishi, si kama tarakimu za kujumlishwa. Pasipoti zina herufi, na sifuri ya mbele ikipotea mtu amepotea.

Tatu, hati ikiisha muda, akaunti isiishe. Mwambie karani aombe hati mpya. Usimfungie mtu pesa zake kwa sababu kadi yake iko foleni.

Nne, makazi yawe jedwali la peke yake: mtu, mahali, kuanzia lini, hadi lini, na nani ameshuhudia. Barua ya chifu iwe na nafasi yake. Ni hati halali ya mahali hapa, ingawa haina msimbo wa kuchanganua.

Tano, na hili nalisisitiza, mkuu wa kaya asiwe ufunguo wa wengine. Hapa ndipo simfuati Mthai. Kitabu cha nyumba ni kizuri kwa mpangilio, lakini mwenye nyumba akikataa kushirikiana, mgeni anabaki nje. Japani nayo ilikuwa na kasoro yake: hadi Julai 2012 wageni hawakuandikwa katika daftari la wakazi pamoja na raia, kwa hiyo mke au mume wa kigeni alikosekana katika orodha ya familia aliyokuwa akiishi nayo. Watoto walionekana kama wana mzazi mmoja.

Wengine watasema dawa ni mfumo mmoja mkubwa unaomjua kila mtu na nyumba yake. Kenya ilijaribu. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, yaliyozaa Huduma Namba, yaliruhusu kukusanya DNA na hata alama za GPS za mahali mtu anapoishi. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema hayo mawili yanakiuka Katiba, na kwamba mfumo usiendelee bila kanuni za kutosha. Waliokwenda mahakamani, wakiwemo Wanubi, walijua jambo moja: mfumo mmoja ukiwa na mlango mmoja, asiye na karatasi hana pa kupitia. Wamakonde waliishi Kwale kwa vizazi bila vitambulisho, wakatembea kwenda Nairobi Oktoba 2016, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kama kabila la 43. Washona walifuata mwaka 2021, Wapemba mwaka 2023. Wote hao walikuwa na majirani waliowajua vizuri. Kilichokosekana kilikuwa safu katika jedwali.

Wale watengenezaji wa programu walinijibu. Wameongeza aina ya hati na nchi. Mengine wanasema watayatazama. Shemeji amefungua akaunti kwa kadi yake na jina lake. Kwa ibara ya 15 ya Katiba, mtu aliyeolewa na raia kwa angalau miaka 7 ana haki ya kuomba uraia, na miaka yake imetimia. Nilimuuliza kama tuanze kujaza fomu. Akasema kwanza ampigie mama yake simu Muheza, hilo si jambo la kompyuta.

Haya, wiki ijayo tutarudi kwenye nakala za data. Kama unatengeneza fomu leo, ijaribu na jirani yako mmoja asiye raia kabla hujaitoa. Kwaherini.