Udongo wa Bukavu
Mgeni afikaye Bukavu huvutwa kwanza na ziwa Kivu. Lakini, ndugu msomaji, mwenye kutafuta kiwanja heri atazame chini. Udongo mwekundu wa vilima hivyo umetokana na mawe ya volkano yaliyooza. Ukinywa mvua nyingi huwa mzito na kuteleza. Mjini humo, kwenye mteremko wa Funu, ardhi yenyewe hutembea polepole pamoja na nyumba zilizo juu yake, na kuta hupasuka. Basi, baba wa jamaa asitoe fedha kabla hajapazunguka mahali hapo majira ya mvua, akiangalia miti iliyoinama, nyufa na maji yatokayo ardhini. Awaulize na wazee jirani. Ni heri kupoteza siku chache kuliko nyumba pamoja na waliomo.