Matayarisho ya Safari ya Entebbe, na Neno Juu ya Dawa za Kulevya

Walimu wenzetu walioomba tuwaeleze namna ya kupanga ziara ya wanafunzi katika bustani ya wanyama watatuwia radhi ikiwa jibu letu litapita njia ndefu. Sisi tu walimu wanne wa Kiswahili katika shule iliyo karibu na mpaka wa mashariki ya Uganda, na kwa ajili ya safari moja tu ya Entebbe tumekwisha kukaa vikao vitano. Katika vikao viwili tulizungumza habari za wanyama. Vitatu vilivyobaki vilimalizika kwa mairungi, bangi, waragi na petroli.

Sababu ni hii. Muhula uliopita shule moja ya jirani iliwapeleka vijana wake matembezini. Kwenda kulikuwa kwema. Wakati wa kurudi, usiku, kijana mmoja wa kidato cha tatu alilala katika kiti cha nyuma kabisa, na wenziwe wakamwacha, wakidhani kuwa ni uchovu wa safari. Kumbe alikuwa ametafuna mairungi tangu asubuhi, na jioni akanywa pombe kali ili apate usingizi. Ilikuwa bahati kwamba mama mmoja mzazi aliyefuatana nao alikwenda nyuma kutafuta blanketi, akamsikia akikoroma kwa namna asiyoipenda. Akamgeuza ubavu, akamtoa matapishi kinywani kwa kitambaa chake, akamwamuru dereva aelekee hospitali iliyokuwa karibu. Kijana alipona. Lakini habari zilipotufikia, Mwalimu Mkuu wetu alisema kwamba safari zote zifutwe, wala hatukuona ajabu, kwani ni yeye ambaye angesimama mbele ya wazazi.

Sisi tuliomba tusikilizwe kwanza. Mwanafunzi wa Kiswahili katika nchi hizi zetu za jirani hujifunza majina ya wanyama kutoka katika picha ndogo za kitabu, na matokeo yake ni kwamba kila chenye mikono mirefu hukiita nyani. Sokwe ni nyani, tumbili ni nyani, hata mbega mwenye joho lake jeusi na jeupe ni nyani. Tena kuna suala la upatanisho. Vijana wetu wengi walilijua neno kifaru kwa maana ya gari la vita kabla ya kulijua kwa maana ya mnyama, jambo lisiloshangaza katika nchi ambayo faru wake wa mwituni walikwisha kuangamizwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Basi husema "kifaru kile" kwa vyote viwili. Unaweza kuandika ubaoni mwaka mzima kwamba mwenye uhai husemwa "kifaru yule", lakini mtoto akimwona faru mweupe amesimama hatua chache mbele yake, anapumua na kupiga masikio, hutahitaji ubao.

Bustani ya Entebbe, iliyo ukingoni mwa Ziwa Viktoria, ilianzishwa mwaka 1952 iwe makao ya wanyama waliojeruhiwa, walioachwa yatima, au walionyang'anywa watu waliowashika kinyume cha sheria. Mwaka 1994 ikageuzwa kuwa kituo cha elimu ya wanyamapori. Hivyo mwalimu aendaye pale haendi kustarehe tu. Amefika mahali palipowekwa kwa ajili ya kufundishia. Yafaa aandike barua mapema, aeleze idadi na umri wa wanafunzi, aombe mwelekezi, na kama aweza afike asubuhi, kwa kuwa simba wa saa sita mchana ni mlundo wa manyoya chini ya mti.

Hiyo asubuhi ndiyo iliyotutia katika mjadala wa kwanza. Kutoka kwetu hadi Entebbe ni zaidi ya kilomita 200, tena katikati yake kuna Kampala na msongamano wake. Shule nyingi, kwa kubana matumizi, huondoka usiku wa manane, zikashinda huko, kisha zikarudi usiku uleule. Dereva wa safari ya namna hiyo huwa macho muda wa saa 20 na zaidi, na kila aishiye kando ya barabara hii kuu itokayo Mombasa anajua ni kitu gani kinachomweka macho. Majani ya mairungi yana kemikali iitwayo kathinoni, ambayo huuchangamsha ubongo, hupandisha shinikizo la damu na kuuendesha moyo mbio. Hupungua nguvu upesi baada ya kuchumwa, ndiyo maana majani husafirishwa kwa haraka yakiwa yamefungwa katika majani ya migomba. Mtafunaji huona kwamba uchovu umekwisha. Haukwisha, umefichwa tu. Na siku inapofika saa ambayo kichangamshi kinaisha mwilini, usingizi wote uliowekwa akiba humwangukia mara moja, yeye akiwa ameshika usukani na watoto 60 nyuma yake. Kwa hiyo tulikata shauri kwamba safari iwe ya siku mbili, tulale huko. Gharama imepanda. Wazazi wawili wameomba walipe kwa magunia ya mahindi, na bwana mhasibu amekubali.

Mwenzetu mmoja alipinga, akasema kwamba kulala nje kunawapa vijana usiku mzima wa kufanya watakalo. Ni kweli, na hoja hiyo hatukuweza kuiondoa. Tuliipangia zamu tu. Pendekezo jingine lilikuwa kuipekua mikoba yote kabla ya kupanda basi. Hilo tulilikataa. Kijana anayepekuliwa hujifunza kuficha, na vitu vinavyotutia hofu zaidi havina haja ya kufichwa: petroli imo ndani ya basi lenyewe, gundi inauzwa katika kila duka la fundi viatu. Tena wapo wasiojua kwamba mvuke wa vitu hivyo unaweza kuusimamisha moyo ghafla, hata kwa mtu anayeuvuta kwa mara yake ya kwanza. Hakuna upekuzi unaoweza kumwambia mtoto jambo hilo. Yapasa aambiwe kwa maneno.

Na hapa ndipo tulipokwama kama walimu wa lugha. Tumwambie kwa maneno gani? Twasema "dawa za kulevya", na mtoto husikia kwanza neno dawa, yaani kitu cha kuponya. Wengine husema "za starehe", na hapo dawa na starehe zimekutana, amebaki nani wa kuogopa? Mihadarati ni neno zuri lenye asili ya Kiarabu, nalo linabeba maana ya kutia ganzi, lakini darasani kwetu linasikika kama jina la nchi ya mbali. Unga, kwa mtoto wa huku, ni wa ugali. Mmea uleule huitwa miraa Kenya, ambako ni zao halali la biashara, mirungi Tanzania, ambako ni marufuku, na mairungi kwetu. Bangi ni njaga kwa Waganda na urumogi kwa ndugu zetu wa Rwanda na Burundi. Sheria nazo zimeyumba: ile ya awali ya Uganda ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2023, kwa kuwa akidi ya Bunge haikuthibitishwa wakati wa kuipitisha, na nyingine ikatiwa saini mwanzoni mwa mwaka 2024. Kijana mwerevu hupima haya yote, akahitimu kwamba ikiwa kitu ni halali ng'ambo hii ya mpaka na haramu ng'ambo ile, basi ubaya wake ni maneno ya wakubwa tu.

Msaada tuliupata mahali tusipopatazamia. Tulikwenda kwa daktari wa mifugo wa wilaya kumwuliza maneno ya kutafsiri karatasi ya mafunzo juu ya wanyama wakubwa, nasi tukamwuliza, kwa udadisi tu, faru hulazwaje usingizi akitaka kutibiwa. Mzee huyo alitueleza kwa muda wa saa nzima, na tangu siku hiyo mpango wetu ukapata mwili.

Kwanza, alisema, mnyama hukadiriwa uzito, kwa kuwa dozi ya kumlaza na dozi ya kumwua hazipo mbali sana. Inapowezekana hufungishwa kula, ili asitapike usingizini matapishi yakaingia mapafuni. Akishalala, hakuna anayemwacha. Mmoja huhesabu pumzi zake, mwingine huitazama joto ya mwili, mwingine hukiweka kichwa vizuri ili njia ya hewa isizibe. Na dawa ya kumwamsha huwa imekwisha kuwa tayari kabla ya ile ya kumlaza kutumiwa. Kwa wanyama wakubwa hutumika etorfini, ambayo nguvu zake huzidi zile za mofini zaidi ya mara 1,000, hata daktari mwenyewe huvaa glavu, kwani tone dogo likimwingia laweza kumzuia kupumua. Iko nyingine, kafentanili, yenye nguvu kiasi cha mara 10,000 ya mofini, iliyokusudiwa tembo na mfano wake. Mwaka 2016 hiyo ilianza kuchanganywa katika heroini iliyouzwa mitaani katika jimbo la Ohio, Marekani, na watu wakafa wengi, bila kujua kwamba wamenunua dawa ya tembo. Ketamini nayo, inayolaza wanyama na wagonjwa wa upasuaji, huko Ulaya na Asia vijana huitumia katika ngoma zao za usiku. Waizoeao huharibika kibofu cha mkojo hata wakawa hawawezi kukaa saa moja bila kwenda msalani.

Tulitoka kwa mzee tukiwa kimya. Faru yule amezungukwa na watu sita wanaohesabu pumzi zake. Mtoto wa watu, kilo 50 za mwili, amekunywa kitu asichojua kipimo chake, juu ya kingine asichojua kipimo chake, na waliomzunguka wanaimba.

Kwa hiyo tumepanga kwamba pale Entebbe, baada ya kuona wanyama, tumwombe mwelekezi awaeleze vijana jinsi mnyama anavyolazwa na kuamshwa, kwa Kiingereza, nao wayaandike kwa Kiswahili: uzito, kipimo, pumzi, kutapika, kuzinduka. Mwalimu hatahubiri. Atauliza tu ni nani aliyempima uzito mwenye kuuza waragi wa magendo. Swali hilo si la mzaha kwetu. Mwezi Aprili mwaka 2010 makumi ya watu walikufa katika sehemu za Kabale kwa kunywa waragi iliyotiwa methanoli, kitu ambacho kwa kiasi kidogo hupofusha macho, na kwa kilichozidi hapo huua. Vifuko vya plastiki vilivyokuwa vikiuziwa pombe kali vilipigwa marufuku mwaka 2019, lakini chupa ndogo zingaliko, na bei yake haimshindi mwanafunzi.

Juu ya bangi tumeazimia kusema ukweli mtupu bila kuutia chumvi, maana kijana aliyeambiwa kwamba atarukwa na akili kwa mvuto mmoja, akavuta na asirukwe, hatatuamini tena katika lolote. Tutamwambia kwamba ubongo wa mwanadamu huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kwamba bangi huudhoofisha ukumbukaji na umakini, vitu viwili anavyovihitaji zaidi katika miaka hii. Na kwamba anayeanza mapema na kuvuta mara kwa mara hujiongezea hatari ya kuugua akili, hasa ikiwa ugonjwa huo uko katika ukoo wake. Wodi za Butabika zinawajua vijana wa namna hiyo. Wapo waliopona, na hilo nalo litasemwa.

Mwisho wa kikao cha tano Mwalimu Mkuu alitukubalia, kwa sharti kwamba kila kijana ajue, kabla ya kupanda basi, afanye nini akimwona mwenziwe haamki. Tumeliandika kwa Kiswahili chepesi na kulibandika mlangoni pa darasa: mwite kwa jina na umtikise, asipoitika, sikiliza pumzi zake, akiwa anapumua, mlaze kwa ubavu, kichwa kikiinamia nyuma kidogo, kinywa kielekee chini, asiachwe peke yake, asinyweshwe maziwa, kahawa wala maji, mwite mwalimu papo hapo, hata ikiwa wewe nawe umekunywa. Sentensi ya mwisho ilizua ubishi mkali kuliko zote, kwa sababu inamwahidi kijana kwamba atakayeita hataadhibiwa kwa kuita. Mjumbe mmoja wa kamati ya wazazi aliona kuwa ni kulea uovu. Tuliishikilia. Katika lile basi la shule ya jirani walikuwapo wanafunzi wanne waliojua mwenzao amekunywa nini, na wote wanne walinyamaza kwa kuogopa kiboko.

Barua ya Entebbe imekwisha kupelekwa, na mahali pa kulala pamepatikana. Linatusumbua bado jambo moja la msamiati. Yule ndege mkubwa wa kijivu wa vinamasini, mwenye mdomo mithili ya kiatu, vitabu humwita korongo-nyangumi. Lakini wavuvi na wakulima waishio karibu naye katika nchi zetu bila shaka wana majina yao. Wenzetu wanaoyajua, pamoja na wale walio na karatasi bora kuliko yetu ya huduma ya kwanza kwa Kiswahili, watuandikie kabla ya muhula kufungwa, ili tuzipige chapa zote mbili pamoja.