Deni langu la mabilinganya

Najua nimeadimika. Kazi zimenibana, na isitoshe kuna kitu nilikuwa nasubiri kiive ndipo niandike. Kimeiva. Kwa hiyo leo siasa kando, mpira kando, tuongee mabilinganya. Usicheke, hii ni toba.

Mwaka jana mwezi wa kumi mhariri alikuwa na nusu ukurasa mtupu na saa mbili mkononi. Akaniambia, "Dogo, nipe kitu cha kilimo cha nyumbani, chepesi, chenye matumaini." Mimi shamba nililijua kwa likizo za kijijini tu, lakini nina digrii na nina intaneti. Nikaokota huku, nikaokota kule, nikaandika kwamba bilinganya halina usumbufu, linaota popote, na siku 70 baada ya kupanda mbegu unaanza kuvuna na kuuza. Chini nikaweka jina na namba yangu ya simu, kama tunavyofanya kwenye makala. Mhariri akasifu. Nikasahau.

Mwezi wa pili mwaka huu, asubuhi niko kwenye daladala, simu ikaita. Namba ngeni.

"Wewe ndiye mwandishi wa mabilinganya?"

"Ndiyo mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Yanakufa yote."

Ndivyo alivyosema. Hakutukana, wala hakupandisha sauti. Alieleza tu kwamba makala yangu aliipata imefungia maandazi, akaisoma, akaikata na kuihifadhi. Zamu yake ya upatu ilipofika akachukua shilingi 180,000, akanunua mbegu na samadi, akamlipa kijana wa kulima. Miche ilistawi, ikaanza kutoa maua, kisha ikalala. Alitaka nimwambie dawa.

Jamani, mimi dawa ningeitoa wapi?

Jumamosi nilikwenda kwake, ng'ambo ya jiji. Nilimwomba baba wa rafiki yangu anisindikize, bwana shamba mstaafu, mzee asiye na maneno mengi. Tulikuta matuta yamepangwa vizuri kuliko yangu ya sasa, na miche imenyauka ikiwa bado na rangi ya kijani, kama iliyomwagiwa maji ya moto. Mama akasema mwanzoni ilikuwa inalegea mchana na kuamka usiku, baadaye ikagoma kuamka.

Mzee akaomba glasi ya maji safi. Akakata kipande cha shina karibu na ardhi, akakishika ncha ikiwa imezama majini. Tukakaa kimya. Baada ya dakika chache ukaanza kushuka uzi mweupe kutoka kwenye shina, kama tone la maziwa linavyoshuka kwenye chai ya rangi.

"Mnyauko wa bakteria," akasema. "Hapa kabla ulipanda nini, mama?"

"Nyanya."

"Nazo zilikufa?"

"Za mwisho zilikufa hivi hivi. Nikasema basi nijaribu kitu kingine, gazeti limesema bilinganya linaota popote."

Mzee akanitazama mara moja tu, akarudisha macho kwenye glasi. Pale nilitamani ardhi ipasuke.

Kwa faida ya msiojua, kama nisivyojua mimi wakati naandika: bilinganya ni ndugu wa nyanya. Ukoo wao ni mmoja na pilipili, nyanya chungu, viazi mviringo, hata tumbaku. Bakteria wale wanakaa kwenye udongo miaka, na wanasafiri kwa maji, jembe na matope ya viatu. Mche ukishapata, hakuna dawa ya kuuponya. Unaung'oa na kuupeleka mbali, hauutupi kwenye shimo la mboji. Sehemu ile unaihamishia mazao ya ukoo mwingine, kama mahindi, kwa misimu kadhaa. Sentensi mbili tu. Zingetosha kwenye ile nusu ukurasa na nafasi ingebaki.

Jumatatu nikamwomba mhariri tuchapishe sahihisho. Akacheka. "Sahihisho ni tukikosea cheo cha waziri. Bilinganya nani atatushtaki?" Sikubishana. Ningebishana vipi wakati kazi ilikuwa yangu na jina ni langu?

Basi nikaamua nipande mwenyewe, nihesabu siku mwenyewe. Ninaishi chumba na sebule, nyumba ya wapangaji sita. Mama mwenye nyumba alinipa kipande cha ukuta wa nyuma, kinachopata jua kuanzia asubuhi hadi saa tisa. Nilinunua ndoo kuukuu nane za lita 20, nikazitoboa chini, nikachanganya udongo, mchanga na samadi iliyooza vizuri. Samadi ya kuku ikiwa mbichi inaunguza mizizi, hilo mzee alinikaririsha kama mtoto wa chekechea.

Tarehe 3 Machi nikasia mbegu za Black Beauty kwenye beseni. Siku ya tisa zikachomoza. Nilifurahi kupita kiasi, nikawa namwagilia asubuhi, mchana na jioni. Wiki moja baadaye miche ikaanza kuanguka, shingo imekuwa nyembamba kama uzi. Kinyausi, mzee akaniambia kwenye simu, unaizamisha mwenyewe. Katika miche thelathini na kitu nikabaki na 12.

Tarehe 14 Aprili, siku ya 42, nikahamisha minane kwenye ndoo. Minne nikampelekea yule mama, na viroba vinne vya udongo ambao haukutoka kwake. Aliipokea, akaniuliza, "Hii nayo umesoma mahali?" Nikamjibu hapana mama, hii nimeiotesha mwenyewe. Akasema haya.

Masika ikapiga. Nilikuwa naamka usiku kuinua ndoo juu ya matofali ili maji yatoke. Mvua zilipopungua wakaja wadudu wadogo weusi wanaoruka kama viroboto, majani yakawa na vitundu kama chujio la chai. Nilitwanga majani ya mwarobaini, nikaloweka usiku kucha, nikachuja na kutia sabuni kidogo, nikanyunyiza jioni. Hawakwisha, lakini walipungua. Kisha mwezi wa tano nikatumwa Dodoma kwenye bunge la bajeti wiki nzima. Mtoto wa jirani aliahidi kumwagilia, akamwagilia siku mbili. Niliporudi maua ya zambarau yalikuwa yametapakaa chini. Bilinganya likipata kiu wakati wa maua, linayaacha. Nikaketi kwenye tofali na suruali ya kazini, nikayatazama. Nilikuwa nimepoteza maua tu. Mwenzangu alikuwa amepoteza upatu wake.

Mimea ikachanua tena. Tarehe 25 Juni nikakata la kwanza, kwa kisu, na kikonyo chake, kwa sababu kikonyo kina miiba na ukivuta kwa nguvu unavunja tawi. Ngozi inang'aa, ukibonyeza kwa kidole gumba panarudi. Ukisubiri hadi ngozi ipauke, ndani mbegu zinakuwa za kahawia na ladha inakuwa chungu. Nikahesabu kwenye daftari: siku 72 tangu kuhamisha, siku 114 tangu kusia. Mimi niliandika 70 tangu kusia. Inawezekana nilikosoma waliandika vizuri, mimi ndiye niliyeruka kitalu. Wiki sita nzima zilipotea kati ya macho yangu na kibodi, na kuna mtu alikuwa amepanga kodi yake kwa hesabu ile.

Siku tano kabla ya hapo yeye alikuwa amenipigia.

"Mwandishi, ya kwangu yameshaiva. Yako vipi?"

Nilipokwenda, alikuwa ameyapika kwa nazi, na wali. Kwenye matuta yale ya mwanzo amepanda mahindi. Alisema ameshauza bilinganya sita kwa majirani, akacheka kwamba kwa mwendo huo fedha yake itarudi nikiwa na wajukuu. Nilicheka naye, lakini wali ulinipita kwa shida.

Hakuwahi kunidai hata senti. Mimi nimeamua kumlipa kidogo kidogo, hadi leo nimefikisha 60,000. Mara ya kwanza alikataa, nikamwambia mama, hii ni ada, chuoni nililipiwa kubwa zaidi na hili hawakunifundisha. Akaifunga kwenye pindo la khanga.

Siku hizi mhariri akiniambia "nipe kitu chepesi," nauliza nina muda wa kumpigia anayekifanya? Kama sina, nasema sina. Tayari nimeshaitwa mvivu mara mbili. Sijui nitadumu lini kwenye hilo dawati.

Gazeti halikutoa sahihisho, kwa hiyo nalitoa hapa. Bilinganya haliotei popote. Usilipande palipokuwa na nyanya, pilipili, nyanya chungu wala viazi mviringo. Anza na kitalu wiki nne hadi sita, kisha hesabu miezi miwili hadi miwili na nusu tangu kuhamisha. Bustanini acha sentimita 60 hivi kati ya mche na mche. Na kama ulikata makala yangu ya mwaka jana ukaihifadhi, tafadhali itumie kufungia maandazi.

Tuko pamoja.