Magurudumu ya Mumba: Mwaka katika Karakana ya Chukudu, Sake

Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, usukani wa pembe mbili na ubao mrefu wa kubebea mzigo. Mwendeshaji hupiga goti juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili. Kwenye mteremko hukanyaga kipande cha tairi kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma, na hiyo ndiyo breki. Jimbo la Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, limekitegemea tangu miaka ya 1970, kwani reli haikulifikia. Ile iliyojengwa na Wabelgiji kutoka Kalundu, karibu na Uvira, iliishia Kamanyola katika bonde la Ruzizi, nayo ikaachwa kabla ya uhuru. Viazi, kabichi, maharage na makaa ya Masisi ilibidi viteremke kwa njia nyingine.

Njia hiyo hupitia Sake. Hapo barabara za Masisi, Kitchanga na Minova hukutana na ile ya Goma, mwendo wa kilomita zipatazo 25. Ni nchi ya mawe ya volkano: lava ya Nyamulagira ya 1938 hadi 1940 ilifika hadi Ziwa Kivu karibu na mji. Mawe hayo hukata mpira wa tairi na kupasua mbao, na ndiyo yaliyowafanya mafundi wa Sake wabishane zaidi kuhusu gurudumu kuliko kuhusu kitu kingine chochote.

Fundi anayeelezwa hapa, ambaye ndiye mwandishi, alizaliwa Sake katika nyumba ya wakulima wa maharage. Masomo yaliishia shule ya msingi. Karo ilipokosekana alipelekwa kwa mzee mmoja mwenye karakana kando ya barabara ya Masisi. Miezi ya mwanzo alifagia maranda na kuchemsha chai. Hakuruhusiwa kugusa tezo.

Mzee huyo alijenga mwili wa chukudu kwa mikaratusi, ambayo ni mirefu, minyoofu na rahisi kupatikana, lakini magurudumu aliyachonga kwa mumba tu, mti mgumu wa milimani. Kipande kilichongwa duara, kikatobolewa katikati, kikatiwa beringi kuukuu ya gari, kisha kikavishwa ukanda wa tairi kwa misumari. Ugomvi ulikuwa juu ya tundu la katikati. Fundi wa karakana ya jirani alitia beringi mti ukingali mbichi, akidai kwamba ukikauka utaibana wenyewe. Mzee alikausha kwanza, kivulini, vipande vikiwa vimepangwa kwa mianya ya kupitisha upepo. “Kijana,” alimwambia mwanafunzi wake, “mti ukikatwa leo haujafa leo.”

Hoja ya jirani ina mvuto, na hadi leo wako wanaoirudia. Lakini mti haunyauki sawasawa pande zote: husinyaa zaidi kufuata duara la mwaka kuliko kuelekea kiini. Tundu lililokuwa la mviringo hugeuka yai, na chuma kisichokubali kusinyaa hulazimisha mti upasuke. Ufa huanzia kwenye beringi, mwembamba kama unywele, ukielekea nje. Mzigo wa makaa ukipita juu ya lava siku chache, gurudumu huwa vipande viwili. Aliyeuza huwa amekwisha kula pesa. Jirani aliuza nyingi kuliko mzee, hilo ni kweli, na wateja wake walirudi mara nyingi pia, wakiwa na hasira.

Mwaka wa karakana ulifuata mvua. Juni hadi Agosti, jua likiwa kali na maharage yakishuka kutoka milimani, oda zilikuwa nyingi na mbao zilikauka vizuri. Septemba matope yalianza, na kazi ikawa ya matengenezo: kupaka grisi, kubadilisha ukanda wa tairi, kukaza springi ya usukani. Desemba ilileta pesa za sikukuu. Januari, mvua zikipungua, vijana walipanda kutafuta mumba. Kila mwaka walikwenda mbali zaidi, kwa sababu magome ya mti huo huuzwa Ulaya kutengenezea dawa ya tezi dume, na mti uliochunwa vibaya hufa umesimama.

Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na watu wa Goma kuamriwa waondoke, maelfu walifika Sake, na chukudu zilibeba magodoro na wazee. Februari 2024 ikawa zamu ya Sake kukimbia: vita viliukaribia mji, na watu wakaenda upande wa Goma. Januari 2025 waasi wa M23 walichukua Sake, kisha Goma. Karakana ilifungwa katika kukimbia huko. Hata hivyo vita peke yake havikuiua kazi hii. Pikipiki na magurudumu ya mti mbichi vilikwisha kuanza kuiua.

Goma ina sanamu ya chukudu yenye rangi ya dhahabu, iliyosimamishwa 2009. Ilinganishwe na Nairobi, yenye Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa 1971: humo mna garimoshi namba 5918, Mount Gelai, mojawapo ya injini 34 za mvuke za aina ya Garratt zilizoundwa Manchester kati ya 1955 na 1956. Garimoshi hilo liliwahi kuwashwa tena moto baada ya kustaafishwa, kwa sababu walibaki watu waliojua kusafisha bwela na kupima mvuke. Sanamu ya Goma haihitaji fundi, na fedha zake zingeweza kusaidia kulipa wanafunzi wa karakana. Wazee wanaojua kukausha mumba bado wapo, wengine wakiwa ukimbizini. Kijana anayetaka ufundi huu awafuate sasa, aanze na kupanga mbao kivulini. Asiyeweza kungoja zikauke, anunue pikipiki.